Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Zahanati ya Shamba la Chai Namisuku,
Thyolo.
4 Julai 1983

Mwalimu Chirambo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Ekwendeni, wewe na watu wa nyumbani kwako. Mimi ni mwanafunzi wa masomo kwa njia ya posta, namba 2216. Ofisi ya chuo iliniambia wewe ndiye unayesahihisha kazi zangu za Kiingereza, nikaomba anwani yako, wakanipa. Kama nimevunja utaratibu, niwie radhi.

Jina langu ni Enelesi Muhiwa, nina miaka thelathini na mmoja. Ni mhudumu wa wodi katika zahanati ya wafanyakazi wa chai: nafagia, nafua mashuka, nachemsha mabomba ya sindano. Shule niliishia darasa la sita. Mwezi uliopita ndipo nilipojiandikisha kusoma tena.

Nimekwama kwenye zoezi la nne, lile la vitenzi vyenye ukomo na visivyo na ukomo. Nimelisoma hadi kitabu kimeanza kuachia kurasa. Kitabu kinasema "gave" ina ukomo, na kwamba "to give", "giving" na "given" hazina, nami nimekariri hivyo. Ila sielewi ukomo wenyewe ni wa nini. Unakomea wapi?

Nina swali jingine dogo ambalo halimo kitabuni. Niliona mahali mtu ameandika: "To give chloroquine", na kipimo cha vijiko. Basi, hakuna zaidi. Mtu anayejua Kiingereza akiusoma mstari huo ataelewa nini? Kwamba mgonjwa ameshapewa dawa, au vipi? Naomba unijibu kirefu hata kama ni swali la kijinga. Nitashukuru sana.

Mwanafunzi wako,
Enelesi Muhiwa


Ekwendeni, Mzimba.
19 Julai 1983

Bi. Muhiwa,

Marahaba. Barua yako nimeipokea Ijumaa, nikaisoma nimesimama pale pale mlangoni mwa posta, watu wakinipita. Nasahihisha kazi za wanafunzi wa posta tangu nilipostaafu, huu mwaka wa tisa, na wewe ni wa kwanza kuniuliza "kwa nini". Wengine huniandikia kuomba alama. Mmoja alinitumia kuku kwa basi, akafika amekufa.

Tuanze na lugha hii tunayoandikiana. Nikisema "nilimpa", kabla sijaendelea umeshajua mambo mawili: ni mimi, na limekwisha kutendeka. Nikisema "kupa", hujui kitu. Hilo ni jina la tendo tu. Mtendaji anaweza kuwa mimi au mkwe wangu. Wakati unaweza kuwa mwaka jana, kesho, au kamwe. Kiingereza ni hivyo hivyo, ila wao hawambandiki mwenyewe kwenye kitenzi kama tufanyavyo sisi. Humweka kando, na wakati huufichia katika umbo la kitenzi. "I gave": mimi, zamani. "She gives": yeye, na ndiyo desturi yake. Hivyo vina ukomo, yaani vimewekewa mpaka wa mtu na wa saa. "To give", "giving" na "given" havina mpaka huo. Ni sawa na barua isiyo na tarehe wala sahihi: maneno yamo, lakini humjui aliyeyasema wala lini.

Ukitaka kuiokoa "given", ipe msaidizi wa kuibebea wakati. "Was given": hapo "was" ndiye anayesema ni zamani.

Sasa mstari wako wa "To give chloroquine". Si swali la kijinga hata kidogo. Mstari huo hausemi kwamba dawa imetolewa. Kitenzi hakina wakati, kwa hiyo msomaji anakitilia wakati wake, na wenye Kiingereza wana mazoea yao: wakikuta "to give" katika daftari la kazi husoma "ya kutolewa", yaani bado. Mtu yeyote anayekijua Kiingereza angechukua kijiko akaenda kumpa mgonjwa. Kama aliyeandika alikuwa ameshaitoa, basi ameandika kinyume cha alichokusudia. Mwambie arudi darasani.

Niandikie sentensi kumi za kwako mwenyewe, zote zenye ukomo, juu ya mambo unayoyajua. Usinakili za kitabu. Hizo nazitambua kwa harufu.

W. Chirambo

Mke wangu, NyaGondwe, anakusalimu. Anauliza kama chai ya huko inaota kwa mvua peke yake au mnaimwagilia.


Namisuku,
2 Agosti 1983

Mwalimu Chirambo,

Shikamoo tena. Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nimeielewa. Katika maisha yangu sijawahi kuelezwa jambo taratibu hivyo. Darasa la sita tulikuwa themanini, na aliyeuliza alionekana mkaidi. Asante sana, Mwalimu.

Mwambie Mama NyaGondwe kwamba chai yetu inategemea mvua, na miezi hii ya baridi kuna chiperoni, manyunyu yanayoshuka mlimani bila kukata. Chai inayapenda. Mashuka ya wodi hayakauki siku tatu.

Sentensi zangu kumi ziko kwenye karatasi ya pili.

Nakusumbua kidogo tu. Ule mstari niliokuuliza. Je, hakuna hata njia moja ya kuusoma kwamba dawa imeshatolewa? Mistari ya daftari huandikwa upesi. Mtu mwenye elimu kubwa, tuseme sista wa hospitali, hawezi kuukuta akasita, akauliza kwanza? Au kosa lote linabaki kwa aliyeandika?

Enelesi Muhiwa


Ekwendeni,
18 Agosti 1983

Bi. Muhiwa,

Sentensi zako tisa ni safi. Umefagia wodi, kuku wako wanalala jikoni, kaka yako alikwenda Luchenza akarudi bila viatu. Hiyo ya viatu tumeicheka. Kila tendo lina mwenyewe na wakati wake.

Ya kumi umeandika hivi: "On 17 May chloroquine to give to the child Tadala." Tarehe ipo, mtoto yupo, dawa ipo. Mtoaji hayupo, na kitenzi kimerudi kuwa "to give". Mtu aliyepata tisa hawezi kukosa ya kumi kwa kutojua. Nilitia alama ya wino mwekundu, kisha nikamsomea NyaGondwe, aliyekuwa anachambua maharage.

"Hebu soma tena hiyo ya mwisho," akasema.

Nikasoma.

"Huyo mtoto ana jina."

"Ni zoezi tu, mama."

"Zoezi gani la tarehe kumi na saba Mei? Mzee, umefundisha miaka arobaini na hujui mtu anapoomba msaada. Huyu hana swali la mtihani. Huyu ana jambo."

Nilimwambia aendelee na maharage yake. Aliendelea, ila alikuwa anayatupa kwenye sinia hadi yanaruka.

Kwa hiyo nakuuliza, kwa sababu mke wangu hataniacha nile kwa amani: Tadala ni nani, na je, alipona? Usipotaka kujibu tutaingia zoezi la tano, wala sitauliza tena. Kuhusu swali lako, njia nyingine ya kuusoma mstari ule haipo. Ningependa kukuambia ipo.

W. Chirambo


Namisuku,
30 Agosti 1983

Baba Chirambo,

Tadala alipona. Naanza na hilo kwa kuwa nyinyi wawili ndio watu wa kwanza kuniuliza, na mmeuliza habari za mtoto, si za kosa. Mungu awabariki kwa hilo.

Ni mtoto wa miaka minne, mama yake hufanya kazi ya chai. Siku ile ya Mei tabibu wetu, Bwana Chikopa, alikuwa amekwenda mkutanoni. Sista Faless Ndasauka, muuguzi wetu, alikuwa peke yake, na mchana alikuwa chumba cha kujifungulia na mwanamke ambaye mtoto wake alitanguliza miguu. Tadala aliletwa anaungua, macho yamegeuka juu. Mama yake alikwenda bombani kuteka maji ya kumpangusia. Nilibaki mimi na ufagio.

Nimemwona Sista akipima dawa ya maji ya klorokwini mara mia. Mtoto wa umri ule najua ni vijiko vingapi. Mhudumu haruhusiwi kugusa dawa. Lakini nilidhani atakufa mbele yangu, nikampa. Alimeza. Mama yake aliporudi mimi nilikuwa napangusa sakafu.

Kisha nikaona ni lazima iandikwe, ili Sista ajue. Daftari la wagonjwa ni la Kiingereza. Kwenye kitabu cha zamani cha kaka yangu vitenzi vyote vimeandikwa na "to" mbele: to eat, to go, to give. Nilidhani hilo ndilo jina kamili la tendo, kwa heshima. Nikaandika "To give chloroquine", na vijiko. Nilijivuna kidogo, Baba. Nisikufiche.

Saa nane Sista akatoka kule, jasho mwili mzima, akalifungua daftari. Alidhani tabibu amerudi mara moja akaacha agizo. Akampa Tadala dawa, mama yake akiona, akaandika jina lake na saa. Mimi nilikuwa nje nafua. Baada ya saa moja mtoto alitapika, akalegea, akapatwa na degedege. Gari la shamba lilimpeleka hospitali kubwa. Alilala siku tisa. Daktari wa huko aliandika kwamba mtoto alipewa dawa zaidi ya mara moja.

Bwana Chikopa akasema mstari ule si wake. Basi ikaonekana ni wa Sista mwenyewe, kwamba alimpa mara mbili kwa uchovu, na sasa anakana. Amesimamishwa kazi tangu Mei. Amerudi kwa mama yake Chiradzulu, wanasema anauza maandazi njiani. Mtu wa miaka kumi na minne kazini.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Mfagiaji hajui Kiingereza. Nilijiambia labda mstari wangu ulisema vizuri, ni Sista tu aliyeusoma vibaya. Ndiyo sababu nilijiandikisha kwenu. Nilitaka mtu anihakikishie. Wewe ukaniambia ukweli bila kujua unamwambia nani.

Kikao cha kumsikiliza Sista ni Jumatatu tarehe 19 Septemba. Nimeandika maelezo nitakayoyaweka chini ya mlango wa meneja. Nina watoto wawili na mama, na nyumba tunayokaa ni ya shamba. Naomba unisahihishie Kiingereza tu: "On 17 May, chloroquine was given to the child at noon, before the Sister came."

Enelesi


Ekwendeni,
11 Septemba 1983

Mwanangu Enelesi,

Barua yako ilifika jana jioni. Leo ni Jumapili, na sikwenda kanisani. NyaGondwe amekwenda kutuombea sote watatu, akaniachia maneno: "Leo usimwandikie kama mwalimu."

Nitajaribu, lakini kazi hii ndiyo niijuayo, kwa hiyo vumilia.

Sentensi yako haina kosa. "Was" imebeba wakati, mwenyewe wa kitenzi ni klorokwini, ukomo upo. Kwenye mtihani ningekupa alama zote. Lakini angalia aliyesimama mbele: ni chupa ya dawa. Mkono uliomimina umekaa nyuma ya mlango. Meneja akiisoma atauliza "na nani?", na karatasi haina wa kumjibu. Atamgeukia yule yule aliye mbele yake, Sista Ndasauka. Sarufi inaruhusu mtu ajifiche namna hiyo, na Waingereza hujificha hapo kila siku katika maofisi yao. Kwa hiyo sikusahihishii.

Sitakuamuru ufanye nini. Mimi sina watoto wawili na nyumba ya shamba. Ninachojua ni kwamba mtu aliyejilipia masomo ya sarufi ili ajue kama amekosa, na akaendelea kusoma baada ya kujua, si mtu mwongo. Ulimpa mtoto anayekufa dawa iliyo sahihi, kwa kipimo sahihi. Kosa lako lilikuwa la neno moja, na neno hilo shule ilipaswa kukufundisha ukiwa na miaka kumi na mitatu. Kosa la kunyamaza ni lako peke yako, nalo bado lina siku nane.

Naipeleka barua hii posta kwa miguu yangu sasa hivi, ingawa imefungwa, iwe ya kwanza kesho. Mungu aipe mbio.

Baba yako,
Wedson Chirambo


Namisuku,
25 Septemba 1983

Baba na Mama Chirambo,

Barua yenu ilifika Alhamisi. Basi la posta liliharibika Kasungu, kwa hiyo kikao kilikuwa kimeshapita siku tatu. Nimeisoma nikalia, kisha nikacheka, kwa sababu ushauri wenu ulichelewa lakini somo liliwahi.

Nawaeleza ilivyokuwa.

Karatasi yangu ya "was given" sikuiweka popote. Kila nikiitazama niliisikia ikiuliza "na nani?", kabla hata hujaniandikia, Baba. Jumatatu ile niliambiwa nipeleke chai kwenye kikao. Sista alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na meza, amekonda, shingo yake imekuwa ndefu. Meneja, Bwana Thawale, alikuwa na daftari.

"Kwa mara ya tatu nakuuliza, Sista. Mstari huu ni wako au si wako?"

"Si wangu."

"Basi ni wa nani? Daftari limejiandika lenyewe?"

Niliweka birika chini. Nilisema kwa Kiingereza, ili asitokee wa kusema nimetafsiriwa vibaya: "I gave the chloroquine. I wrote the line."

Bwana Chikopa alicheka. "Huyu? Bwana, huyu ni mfagiaji wetu. Kiingereza amekitoa wapi?"

"Posta," nikasema.

Meneja hakucheka. Alinisukumia kalamu na karatasi. "Andika huo mstari." Nikauandika. Aliweka karatasi kando ya daftari, akatazama huku na huku. Ile "g" yangu ina mkia mrefu, hata mtoto angeitambua.

"Ulitaka kusema nini hapa?"

"Nilitaka kusema nimeshampa."

"Sivyo ulivyoandika."

"Najua, bwana. Nilijua Julai."

Hapo Sista aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama. "Julai," akasema. "Na Agosti ulikuwa unafanya nini? Na Septemba?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Niliogopa, Sista," nikasema. "Nilikuwa naogopa kila siku."

Alinipa mgongo. Sikustahili jibu.

Sista amerudishwa kazini siku ile ile, na mishahara yake yote. Mimi nilidhani nitaambiwa nifungashe. Meneja alifunga daftari, akasema wiki saba nifanye kazi ya shambani, kisha nirudi wodini, na nikionekana hata nimekaribia kabati la dawa nisitafute wa kuniombea. Nyumba imebaki. Nilitoka nikakaa nyuma ya jiko la zahanati, nikamshukuru Mungu kwa sauti, mpishi akadhani nimefiwa.

Shambani sasa wanapogoa chai, sisi tunazoa matawi. Siku yangu ya kwanza nani alipangwa mstari mmoja nami? Mama Tadala. Tulizoa saa nzima. Halafu akasema:

"Ni kweli ulimpa wewe?"

"Nilimpa."

"Alikuwaje nilipokuwa bombani?"

"Macho yalikuwa yamegeuka. Aliacha kulia."

Alifunga mzigo wake, akaujaribu uzito. "Kule bombani nilikuwa nasema, Mungu, mtu mmoja tu amwangalie mwanangu. Sikujua atakuwa wewe." Kisha akasema, "Hasira bado ninayo, usidhani. Miezi minne tumemsema sista wa watu. Na mimi nilimsema, kwa mdomo huu."

"Ndiyo, mama."

"Kaza hiyo kamba. Unamwaga matawi njia nzima."

Kesho yake alikuja na Tadala. Anakimbia, anasema ovyo, ananiita shangazi mfagiaji.

Baba, umesema neno lile nilipaswa kufundishwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Umenifundisha nina thelathini na mmoja, na kwangu limekuja wakati wake. Nawashukuru wewe na Mama NyaGondwe, aliyeijua sentensi ya kumi bila kwenda shule ya Kiingereza. Zoezi la tano liko ndani ya bahasha.

Binti yenu,
Enelesi


Ekwendeni,
10 Oktoba 1983

Mwanangu Enelesi,

Zoezi la tano: kumi na nane kwa ishirini. Mbili umepoteza kwa haraka.

Barua yako imesomwa hapa nyumbani kwa sauti mara mbili, na NyaGondwe ameisimulia hadi kwa muuza sabuni. Tulipofika kwenye "Posta" alicheka hadi akashika ukuta. Kuhusu sifa ulizompa, amesema ni chache.

Sasa nikuambie jambo langu. Mwezi Juni, kabla hujaniandikia, nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi hii. Macho yamechoka, na nilikuwa nimechoka zaidi kuwasahihishia watu wasiotaka kujua. Barua ilikuwa kwenye droo, inangoja stempu. Nilifundisha vitenzi vyenye ukomo kwa maelfu ya watoto, nikiwaambia "mtu na wakati, mtu na wakati", kama kasuku. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku mtu atasimama kando ya birika la chai aone uzito wa maneno hayo. Barua ile nimeitumia kuwashia moto asubuhi ya leo. Nakushukuru, mwanangu. Umenirudishia kazi yangu.

Mtihani ni tarehe 12 Desemba. Rudia sura ya saba. Usinitumie kuku.

Baba yako,
W. Chirambo


Zahanati ya Namisuku,
12 Novemba 1983

Mwalimu Chirambo,

Hunijui. Mimi ni Sista Faless Ndasauka. Anwani yako nimeipata kwa Enelesi Muhiwa. Nimemwambia nataka kuuliza habari za masomo. Nimemdanganya.

Miezi minne niliuza maandazi barabarani Chiradzulu. Waliokuwa wagonjwa wangu walipita wakanunua kwingine, wakiogopa mkono wangu. Mama yangu aliacha kwenda kwenye chama cha akina mama kanisani. Nakueleza haya ili ujue kwamba siandiki kwa wepesi.

Nilipojua ni nani aliyeandika, nilimchukia zaidi ya nilivyowachukia waliokuwa wakinisingizia. Watu walinifuata kwa maneno mazuri. Mchungaji, meneja, mpaka Mama Tadala. Wote walisema kusamehe, kusamehe. Niliendelea na kazi yangu. Wiki zile alipokuwa shambani nilikuwa nikimwona kwa mbali na mzigo wa matawi kichwani, nikageuka.

Amerudi wodini Jumatatu. Kesho yake, tarehe nane, saa nne asubuhi, tulikuwa wawili stoo tunakunja mashuka. Alikuwa ameshika ncha moja, mimi nyingine. Bila kuinua macho akaniuliza: "Sista, yule mwanamke wa siku ile, mtoto wake aliyetanguliza miguu, alizaliwa mzima?"

Mwalimu, hakuna aliyewahi kuniuliza. Kikao kizima, meneja, tabibu, daktari, hakuna. Mtoto yule nilimtoa kwa mikono yangu miwili, peke yangu, akiwa wa buluu, nikampulizia hadi akalia. Ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote, na ilizikwa siku ile ile.

"Alizaliwa mzima," nikamwambia. "Ni wa kiume. Wamempa jina Limbani."

"Asante, Sista," akasema, akavuta shuka likanyooka.

Nilimsamehe pale. Sikumwambia, na nakuomba usimwandikie. Nataka ayasikie kwangu mimi. Ana mtihani mwezi ujao, na akijua sasa hivi atalia siku mbili, hatasoma. Nimemwondoa zamu za jioni apate nafasi ya sura ya saba, akadhani ni adhabu nyingine.

Nakushukuru kwa kumfundisha. Kuna jambo moja la Kiingereza katika sura hiyo ambalo ananiuliza nami silijui vizuri, ila nimejifanya nina haraka. Nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Nijibu upesi, kabla hajagundua.

Faless Ndasauka